Umechoka na kazi ama umechoka na kuishi?

Kwa miezi mitatu nilikuwa na neno moja kwa kila mtu: nimechoka. Nilimpigia kaka yangu kule Molo, akaniambia, "Pole, si upumzike Jumapili." Nilimwambia mchungaji, akaniombea nguvu. Nilimwambia rafiki niliyesoma naye, akacheka akauliza ni nani hajachoka Kenya hii. Siwalaumu, kila mmoja alijibu neno nililompa. Nilichotaka kusema ni kwamba nafikiria kujiua, lakini hilo lilinikwama kooni.

Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Bondeni, Nakuru. Mwaka huo wa 2023 nilichukua mkopo wa cherehani ya pili, nikakopa kwa simu ili niulipe, kisha nikakopa tena kulipa ule wa simu. Mke wangu akarudi kwao na mtoto. Hayo yanatosha. Wapo waliopitia makubwa zaidi bila kufika nilikofika, na wapo waliofika huko bila kudaiwa hata shilingi.

Nilikuwa silali. Saa tisa usiku niko macho, nawaza jambo lile lile: kwamba watu wangu wangepumua kama nisingekuwepo. Niliamini hivyo kama mtu anavyoamini hesabu aliyoipiga mwenyewe. Leo najua ni ugonjwa ulionionyesha hivyo.

Mbele ya kibanda changu kuna mama anayeuza chai na mandazi, wa umri wa mama yangu mzazi. Siku moja ya Julai, katika ile baridi yetu, alikuja kuchukua shati la shule la mjukuu wake. Akalikunjua, akalitazama, akalilaza mezani bila neno. Nilikuwa nimelishonea mikono miwili, yote ya kushoto. Miaka yote ya ufundi sijawahi kufanya hivyo. Nikaanza kuomba msamaha, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama mwanafunzi wangu, aliyekuwa akikata kitambaa kwa makasi yangu makubwa, yale ambayo hakuna mtu niliyewahi kumruhusu ayaguse.

"Fundi, haya makasi umempa?"

Nikasema ndiyo, yawe yake.

"Na juzi umenirudishia kitambaa changu cha mwaka jana, ukasema hutaki kukaa na kitu cha mtu."

"Mama, nimechoka tu."

Akamtuma kijana maji. Akavuta benchi, akakaa karibu hadi magoti yetu yakagusana. "Umechoka na kazi, mwanangu, ama umechoka na kuishi?"

Wengi huogopa kuuliza hivyo, wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mimi wazo nilikuwa nalo kitambo, na swali lile ndilo lililolifungulia mlango likatoka. Nikasema, na kuishi. Kisha nikalia, chaki ikavunjikavunjika mkononi.

Hakunihubiria. Aliniuliza kama nimepanga iwe leo, na kama kuna kitu nyumbani ninachokitegemea kwa jambo hilo. Nikamwambia ukweli. Akamwita mwanawe mwenye bodaboda, tukaenda kwangu Kaptembwo, wakatoa cha kutoa, wakabeba na blanketi langu. Usiku huo nililala sebuleni kwake, mlango wa chumba chake ukiwa wazi.

Asubuhi nikakataa hospitali. Niliogopa kufungwa. Wakati huo kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu ingeweza kufika kifungo cha miaka 2. Mama akasema, "Wewe hujaiba. Twende." Foleni ilikuwa ndefu na nilisimama mara mbili niondoke, kadi yangu alikuwa nayo yeye. Muuguzi alinieleza polepole kwamba kuwa na mawazo hayo si kosa kisheria, kwamba ni dalili kama homa ilivyo dalili. Ningejua hivyo Mei, nisingengoja Julai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, nilisimamisha cherehani nikasikiliza habari hiyo hadi mwisho.

Nilipewa dawa, na tarehe za kuonana na mshauri. Daktari alinionya kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Wiki ya pili sikuona lolote na nilitaka kuziacha kimyakimya. Nikarudi kuuliza badala yake. Wiki ya tano kulikuwa na asubuhi moja niliyoamshwa na makelele ya matatu za kwanza, mimi niliyekuwa nikizingoja zianze. Nilikaa kitandani nikizisikiliza.

Na mshauri niliandika mpango. Niliunakili baadaye kwenye karatasi ya kukatia nguo, nikaubandika ukutani juu ya cherehani. Juu kabisa kuna dalili zangu: kukosa usingizi siku tatu, kugawa vitu vyangu, kusema "nimechoka" mara nyingi kwa siku. Chini kuna watu: mama wa chai, kaka, kliniki, na 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mara mbili nimeipiga. Mara ya kwanza sikuweza kusema chochote kwa muda, na aliyeshika simu alinisubiri.

Madeni hayakuisha mwaka huo. Nilikwenda kwa wanaonidai mmoja mmoja, tukapanga upya, na hilo nalo lilikuwa kwenye mpango.

Mvua za masika zilizofuata, mawazo yalirudi. Siku ya tatu bila usingizi nilisoma karatasi ile, nikampigia kaka. "Kaka, nafikiria kujiua." Kukawa kimya. Kisha akauliza, "Uko wapi sasa hivi, na uko na nani?"

Alipanda matatu ya kwanza kutoka Molo. Tulianzia kliniki, kisha akashinda nami kibandani, kwenye benchi lile la mama, akikata nyuzi za sare kwa makasi makubwa, ambayo mwanafunzi wangu alikuwa amenirudishia zamani. Hajui kazi hiyo, alikata na vifungo viwili. Jioni niliyapaka makasi mafuta, nikayatundika mahali pake, tukafunga kibanda tukaenda kupika.