Gereji na unga ndani ya ua mmoja: nilivyozuia oili chafu isifike mlangoni

Ninasaga na kufungasha unga wa lishe kwenye ua wa fremu tano, Tabata, Dar es Salaam. Fremu iliyo juu yangu, mteremko unakoanzia, ni gereji, na mtaro ni mmoja kwa wote. Masika ikipiga, oili iliyomwagika kwenye sakafu yao huelea juu ya maji na kushuka nayo. Mtaro ukijaa, inapanda kizingitini kwangu. Soya na karanga zina mafuta, na mafuta hunasa harufu ya petroli na tina (kiyeyusho cha rangi) haraka kuliko mahindi matupu. Harufu ikishaingia, hakuna mfuko utakaoitoa.

Kabla ya kuongea na mtu nilifuatilia uchafu unapopita. Kwa wiki mbili nilipiga picha asubuhi na jioni, nikisimama palepale, na kila baada ya mvua. Njia zilikuwa tatu: maji, upepo na viatu. Ya viatu ndiyo inayosahaulika, kwa sababu wapakiaji hukanyaga oili uani na kuiingiza hadi kwenye mashine. Niliimaliza mwenyewe kwa trei ya vumbi la mbao mlangoni, linalobadilishwa kila siku, na ndala za ndani peke yake.

Jirani usimwendee akiwa chini ya gari, wala mbele ya mteja wake. Nilimwambia, "Fundi, za kazi? Ukimaliza hiyo gari naomba dakika kumi, kuna maji yanashuka kwangu tuyaangalie pamoja." Nilimwonyesha mtaro kwanza, picha baadaye. Kisha tukaongelea pesa: gari dogo likibadilishwa oili hutoa lita 4 hadi 5, na wakusanyaji wenye kibali huinunua oili chafu. Pipa la lita 200 lenye mfuniko, likikaa chini ya paa, likawa na thamani kwake. Filta huning'inizwa mdomo chini juu ya chujio usiku kucha kabla ya kutupwa. Wanaoomba oili ya kupaka mbao kuzuia mchwa nimemsihi asiwape, maana inarudi ardhini.

Kazi kubwa ilikuwa chemba ya kunasa oili, ambayo tulichangia nusu kwa nusu. Ina vyumba vitatu vya matofali ya saruji, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 80, plasta laini ndani. Kutoka chumba hadi chumba kuna bomba la inchi 4 lenye tii, yaani kiungo cha umbo la T: mguu mmoja wa tii unashuka sentimita 30 chini ya usawa wa maji, wa juu unabaki wazi ili uweze kuzibuliwa kwa fimbo. Oili inabaki juu, maji yanatoka kwa chini. Fundi ujenzi wa kwanza aliweka bomba lililonyooka, na oili ikapita yote kana kwamba hakuna chemba. Jaza maji safi vyumba vyote kabla ya kuanza kuitumia, la sivyo oili ya kwanza itakwenda moja kwa moja mpaka chumba cha mwisho. Maji ya paa yasielekezwe humo kamwe. Mvua moja kubwa inasukuma nje kila kilichonaswa.

Rangi ya magari wanayopuliza gereji ilihitaji kupangiana saa tu. Mimi nasaga kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, wao wanapuliza baada ya hapo, turubai likiwa upande wangu. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi, madirisha ya upande huo nayafunga hata turubai likiwepo. Matairi chakavu yanatobolewa au kuwekwa chini ya paa: mbu wa dengi hukamilisha ukuaji ndani ya wiki moja hivi kwenye maji yaliyotuama.

Makubaliano tuliyaandika ukurasa mmoja, mwenye nyumba akasaini nasi. Jirani angekataa, ngazi ni barua kwa mwenye nyumba ikitaja kifungu cha usafi kwenye mkataba wa pango, kisha serikali ya mtaa, kisha afisa afya wa kata, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kutoa notisi ya kuondoa kero. Chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira (NEMC) ni cha mwisho. Picha zenye tarehe zinahitajika katika kila ngazi.

Kila Jumamosi tunafunua chemba pamoja. Tabaka la oili kwenye chumba cha kwanza likifika sentimita 5 linachotwa kwenda pipani, na mchanga wa chini unatolewa kwa koleo. Chumba cha tatu kikionyesha utando wa rangi za upinde wa mvua, nauliza nani ameosha sakafu kwa sabuni ya unga: sabuni huvunja oili kuwa matone madogo yasiyoelea, nayo hupita kwenye tii pamoja na maji. Sakafu inasuguliwa kwa vumbi la mbao kavu, nalo likishalowa oili linakaa kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, mbali na wanaochomelea.