Pi 3 ikizimika ovyo, pima volti kwenye bodi yenyewe

Raspberry Pi 3 Model B, kompyuta ndogo ya bodi moja, ikianza kujizima na kujiwasha, wengi hukimbilia kubadilisha kadi ya SD. Anza na umeme. Taa nyekundu ikizimika kila kazi inapozidi, volti zimeshuka chini ya 4.63. Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) ya Pi, andika vcgencmd get_throttled: 0x0 ni salama; 0x50000 maana yake umeme ulipungua tangu bodi iwashwe; 0x50005, unapungua sasa hivi na prosesa imepunguzwa kasi.

Sasa chukua mita, iweke kwenye DC 20V: waya nyekundu kwenye pini 4 (volti 5), nyeusi kwenye pini 6 (ardhi), bodi ikiwa kazini. Bila mzigo hata chaja mbovu husoma volti 5, kwa hiyo kipimo hicho hakikusaidii. Tumia waya za jampa za kike (zenye tundu linalovaa pini), maana ncha ya mita ikiteleza kati ya pini 2 na pini 1, volti 5 zinaingia kwenye njia ya 3.3 na bodi inaungua papo hapo.

Mara nyingi kosa ni la waya wa chaja. Waya mwembamba wa 28AWG (AWG ni kipimo cha unene; namba ndogo ni waya mnene) una takriban ohm 0.21 kwa mita, na umeme huenda na kurudi. Kwa waya wa mita moja na ampea 1.5, unapoteza zaidi ya volti 0.6: chaja inatoa 5.1, bodi inapata chini ya 4.5. Waya wa 20AWG wa urefu huohuo hupoteza 0.1 tu. Nunua mfupi na mnene, pamoja na chaja ya ampea 2.5.

Bodi ikiwa kimya kabisa, ichomoe, kisha pima kama kuna shoti kati ya pini 4 na 6. Mita ikilia mfululizo, mshukiwa wa kwanza ni diodi ya ulinzi D5, ambayo hufa kwa shoti mtu akichomeka adapta ya volti 12. Ing'oe, pima tena. Shoti ikiisha, lehemu diodi mpya ya aina ya SMBJ5.0A, ukizingatia mstari unaoonyesha upande wa kathodi. Bodi itawaka hata bila diodi hiyo, lakini haina kinga. Shoti ikibaki, tatizo limeingia ndani zaidi.

Kama hakuna shoti ila volti 5 hazifiki kwenye pini, angalia fyuzi F1. Hii hujirudisha ikipoa, ila ikishapata joto kali huweza kuchukua siku kadhaa kurejea sawasawa. Usiiruke kwa kipande cha waya. Volti 5 zikiwepo na pini 1 haina 3.3, chomoa kwanza kila kifaa ulichounga kwenye pini. Kama bado, huenda regyuleta PAM2306, inayogeuza volti 5 kuwa 3.3, ndiyo imekufa.