Mtoto akikung'ata, usivute mkono

Walezi wengi kwenye makao ya watoto huumia zaidi pale wanapojinasua. Meno yameshika, mtu anachomoa mkono kwa nguvu, nyama inachanika. Fanya kinyume: usukume mkono taratibu kuelekea kinywani, taya zitalegea. Akikukamata nywele au kilemba, gandamiza ngumi yake kichwani kwako kwa mikono yote miwili, inama naye, sema kwa sauti ya chini mpaka aachie. Kamwe usimlaze kifudifudi wala kumkalia mgongoni. Mtoto anaweza kukosa pumzi hivyo na kufa.

Ngozi ikichanika, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kwa jinsi maji yanavyokatika Mtwara, ndoo yenye koki ijazwe kila jioni. Usikamue damu, usimwagie jiki. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama uko ndani ndani huko Newala au Nachingwea. Kidonda cha meno ya binadamu huoza upesi, hasa kwenye vidole. Uliza sindano ya pepopunda, na kama palikuwa na damu kinywani mwa mtoto, uliza pia dawa za kinga ya VVU: huanzwa kabla ya saa 72 kupita, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ungepaswa kuimaliza kabla ya kuanza kazi.

Mtoto akipandwa na hasira, simama upande, umbali wa mikono miwili, na usimzibie mlango. Anayeona njia ya kutokea hana sababu ya kukuparamia. Khanga ya kujifunga shingoni ivuliwe. Na jikoni, tafadhali, mbuzi ya nazi: hukaa chini, ulimi wake wa chuma uko usawa wa mkono wa mtoto. Ifungiwe kabatini pamoja na visu na mchi.

Zamu ya usiku iwe ya walezi wawili, kila mmoja na tochi. Ukilazimika kuingia chumbani kwa mtoto, mwite mwenzako, mlango ubaki wazi. Hiyo inawalinda mtoto na wewe.

Kwenye daftari la matukio usiandike "mtoto mkorofi". Andika: "Saa 2:10 usiku, aliambiwa azime TV, akarusha kikombe, mlezi wa zamu alikuwepo." Kurasa chache tu zinatosha kuonyesha kwamba vurugu huja siku ndugu alipoahidi kuja asitokee. Siku hizo mlezi wa pili aingie kabla ya magharibi.