Waya wa Shemeji

Kila fundi ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Niletee kipande cha waya wa usalama kilichookotwa sakafuni pale kwetu Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nitakuambia kimesokotwa na nani. Wangu hubana sana mwanzoni kisha hulegea kidogo karibu na ncha, kasoro ambayo nimepambana nayo miaka 19. Wa Shemeji ulikuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, misokoto 7 kwa kila inchi, na ile ncha aliikunja akaificha kwa chini ili isimchome mkono atakayekuja kuifanyia kazi baadaye.

Kwa wasiojua kazi hii: waya wa usalama ni mwembamba, wa chuma kisichoshika kutu. Unapitishwa kwenye tundu la kichwa cha bolti, unasokotwa, kisha unafungwa kwenye bolti jirani au kwenye kishikizo, ukivutia upande ule wa kukaza. Injini ikitetema hulegeza kila kitu. Bolti ikitaka kurudi nyuma, waya unaikatalia. Na haurudiwi. Ukishaukata umekwisha, unafunga mwingine mpya.

Mwaka jana, wakati wa masika, tulipoteza ndege moja na watu wawili: rubani, ambaye sote tulimwita Kapteni, na fundi mwenzangu. Huyo fundi nilimwita Shemeji kwa sababu alioa Mazeras, karibu na kwetu Rabai, na jina likamganda hata wakubwa wa ofisi wakawa wanamwita hivyo. Alikuwa amepelekwa kaskazini kubadilisha tairi na breki za ndege yetu nyingine iliyokwama kwenye kiwanja cha changarawe. Alimaliza kazi. Walikuwa njiani kurudi.

Ndege iliyoanguka niliikagua mimi, ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka, siku 11 kabla. Sahihi ya mwisho kwenye kitabu chake ni yangu.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi ya kuandika, ila hili. Kabla hatujajua kama kuna aliyepona, niliambiwa nitoe kabatini vitabu vyote vya ndege ile, cha bodi, cha injini na cha propela, vitiwe kwenye boksi na boksi lifungwe mbele ya mashahidi. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Kisha nikaenda kwenye tangi tulilowajazia mafuta asubuhi yake, nikachota sampuli kwenye chupa ya glasi. Petroli ya ndege ina rangi ya buluu hafifu, kama maji ya baharini pale penye kina kifupi. Niliinua chupa kwenye mwanga nikatafuta maji chini yake, maana maji huzama chini ya petroli na hukaa hapo kama ushanga. Hapakuwa na maji. Buluu tupu. Nilisimama na chupa ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu wakati nimeishika nilikuwa bado na kazi ya kufanya.

Shemeji tulimzika kwao Kakamega. Usiku wa matanga, moto umewashwa uani na watu wanaimba, mkewe alinivuta pembeni nyuma ya jiko.

"Dada, niambie wewe, si wao. Ndege ilikuwa nzima?"

Wachunguzi walikuwa hawajasema lolote. Ningeweza kumjibu kwamba tungoje ripoti. Nilimwambia, "Ilipotoka mikononi mwangu ilikuwa nzima, dada." Akanishika viganja vyote viwili, akavigeuza, akavitazama kwa ule mwanga wa moto. Viganja vyangu vina weusi wa oili kwenye mistari usiotoka kwa sabuni yoyote, na vya mumewe vilikuwa vivyo hivyo. Hakusema neno. Aliniachia akarudi kukaa na wenzake.

Sisi Wamijikenda matanga tunayaita hanga. Nimefanya kazi ndani ya hanga la ndege miaka yote hii bila kulifikiria neno hilo. Baada ya Kakamega nililisikia kila mara mtu alipolitaja: "Ingiza ndege hangani." "Funga hanga." Vijana walikuwa wakilitamka tu, nami moyo ukawa unashtuka.

Ripoti ilikuja miezi kadhaa baadaye. Injini ilikuwa inavuta kwa nguvu hadi mwisho. Hili hujulikana kwa propela: isiyozunguka ikigonga, visu vyake hupinda nyuma tu, basi, inayozunguka kwa nguvu, visu hujipinda mbele na nyuma kama herufi S, na michubuko yake hukatiza upana wa kisu. Picha nilizoonyeshwa zilikuwa na S. Usukani na kebo zake zote zilikuwa zimeunganika, hakuna iliyoachia. Waliingia kwenye wingu, na ndani ya wingu palikuwa na mlima.

Nilidhani nikishasoma hayo nitalala. Wapi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeufanya ukaguzi wangu upya kila usiku kitandani, kuanzia pua hadi mkia. Mgandamizo wa silinda sita, kwa kipimo cha 80: 76, 74, 75, 71, 76, 73. Ziko kichwani hadi leo. Silinda ya nne, hiyo 71, niliipima mara mbili, na 71 ni namba nzuri kabisa kwa injini yenye saa nyingi, lakini saa nane za usiku hakuna namba nzuri. Ripoti iliniondolea shtaka. Ule msururu wa namba haukunitoka, na sasa naona haukuwa unatafuta kosa. Nilikuwa nawatafuta wao.

Watu wa kanisani wema sana waliniambia Mungu aliwapenda zaidi. Nawaheshimu, lakini sikubaliani na kauli hiyo na nimeacha kunyamaza inaposemwa. Naamini Mungu anatuona. Kila asubuhi saa moja na nusu tunasimama kuzunguka meza ya kazi, mmoja anaomba, tunawataja kwa majina marubani wanaoruka siku hiyo na viwanja wanakokwenda. Ila sijawahi kuombea bolti ambayo sijaikaza. Naikaza kwanza kwa spana ya kipimo hadi ilie, kisha nafunga waya, kisha naomba. Shemeji ndiye aliyenifundisha mpangilio huo mwaka wangu wa kwanza, wakati mimi nilikuwa mwanamke pekee pale ndani na wengine wakinipa kazi ya kufuta sakafu. Yeye alinipa koleo la kusokotea na bolti mbovu 20 zilizopigiliwa kwenye ubao, akasema, "Ukimaliza, kata zote uanze tena." Nilikata nikaanza tena wiki mbili.

Sisi watu wa misheni tuna hadithi tunazopenda. Mwaka 1948 Jack Hemmings na Stuart King walikuja Afrika kutoka Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Miles Gemini, kuangalia ni wapi ndege zingeweza kusaidia kazi ya wamisionari, wakaangukia milimani Burundi na wote wawili wakatoka hai. King alikuwa mhandisi. Kazi ya MAF, shirika la ndege za misheni, ikaendelea kukua. Hadithi hii huja kwenye chai ya saa nne, na inasimulika kwa urahisi kwa sababu walitoka hai.

Mimi nimezaliwa Rabai, na kwetu hadithi ya kwanza ni kaburi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Kabla mwaka haujaisha homa ilikuwa imemchukua mama pamoja na mtoto wao mchanga wa kike. Miaka miwili baadaye alianza misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Tulipokuwa watoto tulipelekwa pale kanisani kufundishwa habari hii, na mwalimu aliipita habari ya kaburi mbio mbio ili afike kwenye kanisa na shule. Sasa ile miaka miwili ndiyo ninayoifikiria. Najua kazi moja aliyokuwa akiifanya: kukusanya maneno ya Kiswahili, moja moja, na kuyaandika. Namwona na karatasi zake, mke na mtoto wamelala upande wa pili wa mlango wa bahari, naye anamuuliza mtu, na hiki mnakiitaje?

Ndege zetu nyingi ni Cessna 206, injini moja, viti sita. Zinabeba chanjo, mabati, vitabu, betri za sola, mama mwenye uchungu uliokwama. Kutoka Wilson hadi Loiyangalani ni kama saa mbili. Kwa barabara ni safari ya kulala njiani. Viwanja vya huko ni changarawe na vumbi, na kila ikirudi moja nachukua tupa na kuparaza ukingo wa propela pale kijiwe kilipouma, taratibu, hadi alama iwe laini, kwa sababu alama ndogo kwenye propela huweza kuwa ufa.

Ile ndege dada ya iliyoanguka, ile iliyotengenezwa breki na Shemeji siku yake ya mwisho, iliporudi Nairobi ilikuwa inakaribia kubadilishwa oili. Kila saa 50 oili humwagwa na chujio hutolewa. Nilifungua kifuniko cha injini nikamulika tochi. Chujio lilikuwa limefungwa waya, misokoto 7 kwa inchi, ncha imekunjwa chini.

Nilikuwa na kijana wa mafunzo pembeni. Alikuwa ameshika ndoo ya kukingia oili. Aliona nimesimama. "Mama, nikate mimi?"

Nilimwambia hapana. Kisha nikashindwa. Koleo lilikuwa limeshauma waya, ilibaki kubana tu, na kidole kikakataa. Nilizima tochi. Nilitoka nikaenda hadi kwenye uzio, upande ule unaotazama mbuga, nikalia jinsi ambavyo sikulia Kakamega, na ndege za kitalii zinatua na kuruka kama kawaida. Niliporudi yule kijana alikuwa bado ameshika ndoo vile vile. Nikakata.

Kile kipande sikukitia kwenye kopo la taka. Kanuni inasema kila kipande kilichokatwa kihesabiwe na kitupwe, maana waya mmoja ukidondokea mahali pabaya unaweza kusimamisha usukani. Nilikihesabu, nikaandika, nikakitia kwenye mfuko wa ovaroli. Kisha nikafanya kinachofuata: nikalipasua chujio, nikatandaza karatasi yake mezani mkunjo kwa mkunjo, nikapitisha sumaku. Hakuna kichembe cha chuma. Nikakaza chujio jipya, nikamkabidhi kijana koleo. Alisokota vibaya. Nikamwambia akate aanze tena. Mara ya tano ilikuwa sawa, na ncha aliikunja chini bila kuambiwa. Nadhani alikuwa amekiangalia kile kipande kabla sijakitia mfukoni.

Kapteni naye aliacha kitu. Alikuwa ameirusha ndege hiyo hiyo wiki moja kabla, na kwenye daftari la hitilafu aliandika, kwa zile herufi zake kubwa za kipande kipande, kwamba taa ya kusomea ramani upande wa kulia inamulika hafifu. Ni jambo lisilozuia ndege kuruka mchana, linaweza kungoja ukaguzi mkubwa. Basi likangoja. Marubani wengine waliliona ukurasani na hakuna aliyeuliza kwa nini halijafungwa. Kubadilisha taa ile ni kazi ya dakika kumi. Nilikaa nayo saa 50 nyingine za kuruka kwa sababu chini ya maneno yake kuna mstari mtupu wa fundi kujibu, na mstari ule ukishajazwa mazungumzo yangu na Kapteni yamekwisha.

Ukaguzi wa saa 100 ulifika wiki iliyopita. Nilibadilisha taa, nikaijaribu gizani milango ya hanga ikiwa imefungwa, ikamulika vizuri. Nikaandika: taa imebadilishwa, imejaribiwa, iko sawa. Tarehe, namba ya leseni, sahihi. Mkono haukutetemeka, nami nilishangaa.

Kazi ya mwisho ilikuwa chini ya sakafu. Tulitoa viti, tukafungua vifuniko, nikalala kifudifudi na tochi mdomoni kukagua kebo za usukani wa mkia. Nilipitisha kitambaa juu ya kebo, maana uzi mmoja wa chuma ukikatika hunasa kitambaa. Haukunasa. Nikafika pale kebo mbili zinapounganishwa na kile kiungo cha kukazia. Kimefungwa waya. Sawasawa mwanzo hadi mwisho, ncha imekunjwa chini.

Nilikigusa kwa kidole. Niliangalia kutu, hakuna. Niliangalia mkazo wa kebo kwa kipimo, uko ndani ya mipaka. Waya ulikuwa mzima, na waya mzima haukatwi.

"Mama, vipi huko?" kijana akauliza kutoka juu.

"Uko sawa," nikamwambia. "Nipe skurubu."

Nikarudisha kifuniko.