Ukungu wa Tukuyu na lenzi ya baba

Kamera ya kwanza kuishika maishani mwangu ilikuwa Zenit-E ya baba. Ilikaa Tukuyu kwa bibi, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imefungiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi ya kahawia, miaka kumi na minne bila kuguswa. Siku nilipoifungua mkoba ulinuka uyoga. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Nikavuta mkono wa kusogeza mkanda, nikabonyeza, ikalia ule mlio wake mzito. Nikafurahi kupita kiasi.

Nilimaliza mkanda mzima wa picha 36 siku mbili: bibi anamenya ndizi mlangoni pa jiko, bibi na kuku wake, bibi kavaa kitenge cha kanisani. Picha zilipotoka, zote zilikuwa kama zimepigwa ndani ya moshi. Palipotakiwa kuwa peusi palikuwa pa kijivu, na mng'ao wa mlango ulikuwa umemwagika usoni kwake. Nikailaumu dawa ya kutolea picha kwenye mkanda, nikawalaumu waliousafisha kwa dawa hiyo. Wiki kadhaa baadaye ndipo nikaivua lenzi, nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku nikichungulia mbele kwa mshazari. Nyuzi nyembamba, nyeupe, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Sisi tunaiita ukungu, jina lile lile la ule unaoshuka kutoka mlima Rungwe alfajiri, na hivi viwili ni ndugu kweli, vyote vimelelewa na unyevu mmoja.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Picha zake nilizo nazo ni hizo za moshi. Ndiyo maana vijana wakiniuliza hapa Mbeya waanze na kamera gani ya mkanda, mimi naanza na lenzi, na simu yangu nimeshaitoa mfukoni kwa ajili ya tochi.

Fanya hivi kabla hujataja bei. Vua lenzi. Fungua tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho, kwenye namba ndogo kabisa, f/2 au f/1.8, maana namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Mulika kutoka nyuma, tazama kutoka mbele, kisha geuza. Vumbi dogo ndani halina neno, kila lenzi ya zamani inalo. Mkwaruzo mmoja kioo cha mbele hauna neno pia. Unachotafuta ni nyuzi, madoa yenye matawi, au utando kama mvuke wa chai. Kuvu ikikaa muda mrefu inatoa asidi inayokula ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akiifuta yote, alama zinabaki. Halafu zungusha pete ya tundu na uangalie zile bledi, vile vibati vyembamba vinavyolifunga na kulifungua. Zikiwa na mafuta yanayong'aa, au zikifunga kwa uvivu, iache.

Kuhusu mwili wa kamera, msimamo wangu ni mmoja: chukua ya mitambo mitupu. Mimi natumia Pentax K1000, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kuendelea mpaka 1997. Niliipata soko la Mwanjelwa kwa mtu wa mitumba, akiwa ameipanga kati ya pasi na redio. Shata yake, lile pazia linalofunguka kuupitisha mwanga ufike kwenye mkanda, inafanya kazi bila betri, kuanzia sekunde moja hadi 1/1000. Betri ni ya kipima mwanga tu, kidonge kimoja cha LR44 ambacho mafundi saa wanacho. Haina swichi ya kuzima kipimo, kwa hiyo usipoirudishia lenzi kifuniko, betri inaendelea kuliwa. Canon AE-1 ni kamera nzuri na picha zake nazipenda, lakini betri ikifa shata haifunguki kabisa, na ukiwa Matamba unapanda uwanda wa juu wa Kitulo sidhani kama utaipata betri yake ya volti 6 kwenye duka la vocha.

Ukiijaribu, fungua mgongo bila mkanda, weka sekunde moja, bonyeza, hesabu. Kisha nusu, robo. Ifanye hiyo asubuhi ya Juni kama unaweza, baridi ikiwa bado imeshika, maana grisi iliyokauka ndani hujificha mchana wa joto na kujionyesha kwenye baridi. Kagua pia sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango wa nyuma. Ikigeuka lami na kukunata kidoleni, mwanga utaingia na kuchora mistari kwenye mkanda. Hilo lisikukatishe tamaa. Ikwangue kwa njiti iliyoloweshwa spiriti, ulaze uzi mweusi wa sufu kwenye mfereji. Huku kwetu kwenye baridi wasuka masweta hawakosekani, na uzi wa kusukia sweta moja utatosha kamera za mtaa mzima.

Sasa mwanga, na hapa nawasihi watu wanisikilize. Kipima mwanga hakijui kwamba unampiga mtu. Kinaona kila kitu kana kwamba ni kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, au mbele ya anga la saa sita mchana, kipimo kinaushughulikia ukuta, na uso wa mama unakuwa mkaa. Nimeona albamu za harusi ambazo gauni limetoka vizuri sana na bibi harusi hana macho. Dawa yake haigharimu chochote: nyoosha kiganja chako kwenye mwanga ule ule uliompata yeye, pima kiganja, halafu fungua tundu hatua moja zaidi. Kama kiganja kimesema f/8, piga f/5.6. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo ukiwa na shaka, ongeza. Na mtoe mtu juani. Kivuli cha kibaraza, mlango wa jiko, chini ya mparachichi, hapo uso unasomeka.

Kwa mandhari ni rahisi zaidi. Jua kali, anga safi la Agosti: tundu f/16, na kasi ya shata iwe karibu na namba ya ISO iliyoandikwa kwenye mkanda, yaani mkanda wa ISO 400 unapiga 1/500. Kipimo kikifa njiani unaendelea tu. Ukitumia nyeusi na nyeupe, tafuta kichujio cha njano cha kufunga mbele ya lenzi. Kinatia anga giza kidogo na mawingu juu ya mlima Loleza yanasimama. Kinakula hatua moja ya mwanga, ila kipimo cha Pentax kinasoma kupitia lenzi kwa hiyo kitalijua hilo chenyewe.

Kusafisha mkanda nilianza kwa hasira. Studio moja ilinirudishia mikanda miwili ya Kitulo ikiwa imeungua mwanga, maua yote ya Februari, na hakuna aliyeniambia pole. Tangu hapo nyeusi na nyeupe nasafisha mwenyewe jikoni, na nimegundua jambo ambalo wenzetu wa pwani wangelitamani: maji yetu. Dawa nyingi zinataka nyuzi joto 20. Nikiwa kwa dada yangu Dar nilipima maji ya bomba, yalikuwa 28, ikabidi tutafute barafu. Kwangu Isanga mwezi wa Julai yanatoka ya baridi, naongeza kikombe cha maji ya moto kutoka chupa ya chai, kipimajoto kinasimama 20, basi. Natumia mkanda wa Ilford HP5 Plus na dawa ya ID-11 bila kuizimua, dakika saba na nusu, nageuzageuza kopo kwa sekunde kumi kila dakika. Kwenye joto dawa inakimbia, muda unakuwa mfupi, na ukishuka chini ya dakika tano mkanda unatoka na mabaka.

Siku maji yamekatwa, kuna namna ya kuosha mkanda kwa kopo tatu tu za maji baada ya fiksa, ile dawa ya mwisho inayoidumisha picha. Jaza, geuza mara tano, mwaga. Jaza, geuza mara kumi, mwaga. Jaza, geuza mara ishirini, mwaga. Inatosha kabisa. Anika bafuni, na kabla ya kuanika nyunyiza maji sakafuni, kwa sababu vumbi letu la kiangazi likishika mkanda mbichi halitoki.

Narudi kwenye ukungu, maana ndiko moyo wangu ulipo. Ule mkoba wa ngozi ndio uliomaliza lenzi ya baba. Ngozi inafyonza unyevu na kuushikilia, na kuvu inapenda giza na hewa isiyotembea. Mkoba weka kabatini kama kumbukumbu, kamera iweke kwingine. Mimi natumia kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, ndani nimeweka zile pakiti ndogo za punje za kukaushia zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Muuza viatu ukimwomba vizuri anakupa kumi. Zikishiba maji, mimina punje kwenye sufuria kavu juu ya mkaa unaoelekea kuzima, koroga mpaka zikauke, zirudishe kwenye kitambaa. Mchele niliujaribu, mchele wa Kyela uliokaangwa, na ulichoniachia ni unga kwenye pete ya lenzi. Mzee mmoja aliyekuwa na studio Tukuyu aliniambia wao waliwasha balbu ndogo ndani ya kabati la kamera masika yote, mchana na usiku. Joto lile dogo lilitosha. Lakini kinga kubwa ni kuitumia. Lenzi inayotoka nje kila wiki na kupata jua haioti kitu.

Ukitoka kwenye baridi na kuingia jikoni penye moto, iache kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ipate joto taratibu. Jasho litatoka juu ya mfuko badala ya juu ya kioo.

Lenzi ya baba, Helios ile iliyokuwa kwenye Zenit, ilifunguliwa na fundi, ikafutwa. Alama za kuvu zimebaki kwenye kioo cha pili, unaziona ukimulika. Nimeinunulia pete inayoiwezesha kukaa kwenye Pentax, na nimejifunza kuitumia jua likiwa mgongoni kwangu, kivulini, kwa sura za watu tu. Mwezi uliopita nilimpiga mama mlangoni pa jiko lile lile la Tukuyu, f/4, 1/60, kiganja kwanza. Negativu iko mbele yangu nikiandika. Kitenge chake ni cheusi cheusi, na macho yanaonekana.