Futi Mbili za Cherehani

Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150, na kifua cha farasi mzima huipita mbali. Kwa hiyo mke wangu, ambaye ni fundi, alichukua futi zake mbili kuukuu akaziunga kwa uzi mweusi, na hizo ndizo tulizompimia Tausi asubuhi ya kuondoka kwake. Mzunguko wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele: 185. Urefu toka begani hadi takoni: 165. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,877, upate kilo. Zilikuja kama 475. Niliandika kwenye daftari la dawa, chini ya tarehe ya chanjo ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi. Sikuandika kwa kumshuku mtu. Baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, huko Lang'ata kwa miaka mingi, na alinilea hivyo: mnyama akitoka, pima, akirudi, pima.

Tausi alikuwa mstaafu wa mbio za Ngong. Alipoacha kushinda, mwenyewe aliniachia kwa bei ya chini, nikakaa naye Kiserian miaka minne. Mwaka 2014, mwezi wa Februari, kifungua mimba wangu aliitwa kidato cha kwanza. Ada haingoji.

Farasi aliyetoka mbioni hauziki kirahisi. Anachojua ni kupiga shoti. Kusimama ametulia, kugeuka polepole, kumbeba mtoto bila kushtuka, yote hayo lazima afundishwe. Nikampeleka kwenye yadi moja nje ya Nairobi inayofundisha farasi na kuwauza. Mimi ningelipa kila mwezi. Wao wangemlisha na kumfundisha siku tano kwa wiki, na akipata mnunuzi wakate asilimia 10. Tukashikana mikono, basi. Mwenye yadi alikuwa na vikombe vya ushindi ukutani, nami ni mtoto wa saisi. Niliona haya kumwambia tuandikiane. Haya hiyo inaniuma mpaka leo kuliko pesa zilizokwenda.

Kila Ijumaa nilitumiwa picha kwa simu. Tausi chini ya mti, Tausi na tandiko, na maneno mawili: "Anaendelea vizuri." Wiki ya saba ilikuja picha ambayo nyasi zake zilikuwa za manjano na vumbi limetanda, na sisi mvua ilikuwa imeshatunyeshea siku kumi mfululizo, matope mpaka mlangoni. Niliitazama sana ile picha. Kisha nikaiacha, nikajiambia labda huko kwao mvua imechelewa.

Wiki ya kumi, usiku, nilipigiwa na saisi mmoja kijana wa pale. Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, njoo umwone mtoto wako. Usiseme ni mimi." Akakata.

Nilikwenda Jumamosi alfajiri bila kuarifu mtu, nikamchukua fundi wa kwato aliyekuwa rafiki wa Baba, na futi nikaitia mfukoni. Tulimkuta Tausi uwanjani anazungushwa kwa kamba, mtoto wa kujifunza mgongoni, na watoto wengine wawili wamevaa kofia wakingoja zamu. Huyu ndiye farasi niliyekuwa nalipa afundishwe! Mbavu zilihesabika toka getini. Tandiko lilipotolewa, juu ya mabega palikuwa na kidonda kama sarafu ya shilingi ishirini, na manyoya ya pembeni yameng'oka. Nilimwita. Alinyoosha shingo, akaanza kunilamba mkono kutafuta chumvi, na hakuacha.

Bandani hapakuwa na jani. Farasi wa kimo chake anataka karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na anazitaka kidogo kidogo mchana na usiku, kwa sababu tumbo lake hutoa asidi hata lisipokuwa na kitu. Ukimlaza njaa, ile asidi inamla yeye.

Mwenye yadi alifika akanipa mkono. "Farasi wa mbio ndivyo walivyo, bwana. Wembamba."

Nikatoa futi. 172. Nikapiga hesabu kwenye simu mbele yake: kilo 411.

"Hiyo ni futi ya cherehani," akasema.

"Ni ile ile niliyompimia siku ya kumleta," nikamjibu.

Fundi wa kwato alikuwa amechuchumaa kimya. Alinishika kidole akakipitisha juu ya ukwato wa mbele, nikahisi pete nyembamba imezunguka, kama mfuo wa ukucha. "Hii hutokea mnyama akipata homa, au chakula kikibadilika ghafla," akasema. "Kwato hushuka karibu sentimita moja kwa mwezi. Hii imeshuka mbili." Sikuhitaji daftari kuhesabu. Mambo yalikuwa yameharibika tangu wiki za kwanza, wakati nasoma "anaendelea vizuri".

Haikuruhusiwa aondoke mpaka nilipe mwezi wa tatu, pamoja na dawa ya kidonda. Nililipa papo hapo, kwa pesa za ada ya muhula wa pili. Wengi wameniambia ningekwenda polisi kwanza. Lakini kesi ingechukua miezi, na Tausi alikuwa na njaa siku ile. Ada alinikopesha shemeji yangu.

Nyumbani tulimrudisha taratibu: nyasi kidogo mara nyingi, nafaka hakuna kabisa wiki za mwanzo, asije akapatwa na msokoto wa tumbo. Kila Jumapili mke wangu alileta futi zake. 174. 177. Juni ikafika 181, akaenda ndani kuniita kwa sauti mtaa mzima ukasikia.

Sikumuuza. Ile pete iliendelea kushuka mwezi baada ya mwezi, na Desemba fundi alipokuja ilikuwa imefika ukingoni. Akaikata kwa koleo, ikaanguka sakafuni kama ganda la muwa, na mbwa wetu akaidaka akakimbia nayo nyuma ya banda.