Mthamini wa FHA hukamatwa na picha kabla ya bei

Wathamini wengi wa nyumba za FHA, shirika la serikali ya Marekani la bima ya mikopo ya nyumba, wanaogopa kuambiwa bei yao imekosea. Lakini bei hutetewa. Wathamini wawili waaminifu wanaweza kupishana dola elfu kadhaa, kila mmoja akaeleza hesabu yake, mambo yakaisha. Pabaya ni pale ulipoandika kwamba umeona kitu ambacho hukukiona.

FHA haikopeshi mtu. Inamkatia bima mkopeshaji. Mnunuzi mwenye alama ya mkopo (kipimo cha uaminifu wake katika kulipa madeni) ya 580 au zaidi anaweza kuingia na 3.5% tu ya bei, kwa hiyo deni likishindikana hasara inauangukia mfuko wa bima wa serikali. Ndiyo maana HUD, wizara inayosimamia FHA, inaweza kumtuma mthamini mwingine apite ulipopita wewe, akiwa na ripoti yako mkononi.

Huyo haanzi na bei. Anaenda uvunguni mwa nyumba, chini ya sakafu, na darini. Kitabu cha masharti cha HUD, namba 4000.1, kinataka angalau kichwa na mabega yako viingie humo, na picha iwepo. Picha ya kifuniko kilichofungwa haithibitishi chochote. Kama kifuniko kimepigwa misumari, hulazimiki kukivunja, lakini sharti uandike kwamba hakukufikika na kwa nini. Kunyamaza ndiko kunakogeuka kosa.

Rangi nayo imewaponza wengi. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo palipobambuka pote huripotiwa, ndani na nje, hata kwenye uzio na kibanda cha nyuma. Mthamini anaandika "hakuna kasoro", kisha anaambatisha picha ya mbele ya nyumba. Mkaguzi anaikuza kwenye kompyuta, na pale kwenye fremu ya dirisha la kushoto magamba yananing'inia. Umejishtaki kwa kamera yako mwenyewe! Ripoti kama hiyo ilipaswa kutolewa kwa sharti la matengenezo, si kwa hali ilivyo.

Maji, umeme na gesi viwe vimewashwa. Vuta maji ya choo, fungua mabomba kadhaa uone kasi yake, subiri maji ya moto yafike, washa mfumo wa joto. Tazama hita ya maji kama ina vali ya kupunguza shinikizo na bomba la kuteremsha maji yake. Paa linatakiwa libakiwe na angalau miaka 2 ya kutumika. Huduma zikiwa zimekatwa, weka sharti la kurudi kukagua zikisharudishwa; usibahatishe.

Upande wa bei, kasoro ya kawaida ni marekebisho ya tofauti ya ukubwa kati ya nyumba unazolinganisha, yaliyookotwa hewani: dola 40 kwa futi ya mraba, kila nyumba, kila mtaa, mwaka hadi mwaka. Mkaguzi atauliza zimetoka wapi. Tuseme nyumba mbili zinazofanana zimeuzwa mwezi mmoja, moja ikiwa kubwa kwa futi 150 na ghali kwa dola 9,000. Hapo una dola 60 kwa futi, na una pa kusimamia. Jozi moja ni ushahidi mdogo, tafuta ya pili, kisha hifadhi hesabu hiyo kwenye faili la kazi. USPAP, kanuni za kazi za wathamini wa Marekani, inataka faili litunzwe angalau miaka 5.

Adhabu zina ngazi. Unaweza kuamriwa kurudi darasani, kuondolewa kwenye orodha ya FHA, au kupelekwa kwenye bodi ya jimbo iliyokupa leseni. Kudanganya kwa makusudi ni jinai: kifungu cha 1014 cha sheria za makosa za shirikisho kinafika faini ya dola milioni 1 na kifungo cha miaka 30.

Barua ya HUD ikifika, usijibu kwa kusimulia uzoefu wako wa miaka mingi. Jibu hoja moja baada ya nyingine, ndani ya muda uliowekwa, kila hoja na picha yake, ukurasa wa ripoti na karatasi ya faili. Usiongeze kwenye faili kitu ambacho hakikuwemo siku ulipotia sahihi.